Fundi wa Nyakoe Aingie Darasani

Wapo wasemao kwamba la kuvunda halina ubani. Ndivyo nilivyoambiwa na jamaa zangu siku nilipoitoa ghalani pikipiki ya marehemu baba, ambayo ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu mwaka 1998. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa keshaleta mizani yake. Mimi nikashikilia methali nyingine, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikamrudisha alikotoka.

Baba alikuwa afisa wa kilimo wa nyanjani. Yamaha AG100 aliyoiacha ni pikipiki iliyobuniwa kwa kazi za mashambani: ina vichukuzi viwili, mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa kote isiingiwe na tope. Katika vilima vya Nyakoe, na kwa mvua yetu ya Kisii isiyojua likizo, ilifika kulikowashinda wenye magari. Baba alipostaafu hakuna aliyeijaza nafasi yake, kwani itakumbukwa kwamba ile ilikuwa miaka ya kupunguza watumishi wa umma. Alipougua, pikipiki nayo ikaachwa na petroli tangini.

Niliwaita wanafunzi wangu wawili wa kidato cha tatu, nikawaambia wapige kiki. Kiki ikagoma. Nikawaamuru waikanyage kwa nguvu zaidi. Fundi mmoja wa pale sokoni, kando ya barabara iendayo Oyugis, alikuwa akipita. Akapaza sauti: "Mwalimu, mtaivunja!"

Naam, mimi niliyefundisha fizikia kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa karibu kuiharibu. Fundi alitueleza kwamba pistoni ilikuwa imegandana na silinda kwa kutu, na kwamba nguvu zetu zingevunja ringi. Akafungua plagi, akamimina oili nyepesi tunduni, akatuambia tusiiguse kwa siku mbili. Siku ya tatu aliisukuma pistoni kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma, mpaka ikaachia.

Kisha akaifungua kabureta. Petroli iliyolala miaka mingi huacha utandu unaonata kama utomvu, na utandu huo huziba vijitundu vinavyopimia mafuta. Fundi akawauliza wanafunzi ni nini kinachoyavuta mafuta yapande kwenye vijitundu hivyo. Wote wawili wakaikariri kanuni ya Bernoulli bila kukosea hata neno. Alipowaambia waonyeshe mahali pale ambapo hewa huongeza kasi, wakatazamana. Aibu ile siwatwiki wao. Mimi ndiye niliyewafunza kanuni, na katika miaka yote hiyo sijapata kuwapa kabureta waishike.

Wala tusijidanganye kwamba nchi hii haikujaribu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walichangishwa fedha za harambee ili wajenge karakana shuleni. Nyingi hazikupata vifaa vya kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya ufundi yalipoondolewa katika mtihani wa darasa la nane, baadhi yake ziligeuzwa ghala za madawati mabovu. Sasa mtaala wa umilisi umeurejesha ufundi kwa wanafunzi wa gredi ya saba hadi ya tisa, nasi tumeanza tena kwa kuchora spana ubaoni!

Nitaambiwa kwamba fundi huyu hana cheti cha ualimu. Kweli hana. Lakini sikusema aachiwe darasa peke yake. Mwalimu wa somo na asimame kando yake, aieleze kanuni wakati fundi anaionyesha kazi, na shule imlipe kwa saa zake kama inavyomlipa seremala anayetengeneza madirisha. Huko Tabaka vijana wamejifunza kuchonga mawe kwa kukaa karibu na wazee wao, na sijamsikia mtu akiuliza vyeti vya wazee hao. Kinachonisumbua zaidi ni fundi mwenyewe. Nilipomwalika shuleni alitazama shati lake lenye oili, akasema lango lile si la watu kama yeye. Nani aliyemfunza hivyo, kama si sisi?

Injini iliwaka mwezi uliopita. Tulishangilia, lakini kasi yake ikaanza kupanda yenyewe bila mtu kugusa mkono wa mafuta. Fundi akaizima upesi. Sili za injini zimekauka, akasema, na hewa inapenya pasipostahili. Mafuta yanakuwa haba kuliko hewa, na injini ingejiunguza. Kwa hiyo tumeifungua upya, tukisubiri sili kutoka Kisumu. Kitabu cha umiliki nacho kingali kwa jina la baba, na shauri la mirathi lina mwendo wake.

Kwa sasa vipande vimetandazwa juu ya meza yangu ya kulia chakula. Nimemwandikia mwalimu mkuu nikiomba ruhusa ya kuvihamishia maabara, pamoja na fundi. Kufikia leo hajanijibu.