Jina si Vazi

Baadhi ya vijana wetu wa Tabora wanaisifu senema ya Mulholland Drive, aliyoitoa David Lynch mwaka 2001. Mwanamke apoteza kumbukumbu katika ajali ya gari, ajiokotea jina katika picha ya ukutani. Baadaye sura ni ile ile, jina jingine. Wasema: fumbo tamu!

Utamu gani? Mwaka 1871 Stanley alikaa hapa Kwihara. Alizaliwa akiitwa John Rowlands. Jina jipya alilichukua mwenyewe. Mkuu wa askari wake, Sidi Mubarak Bombay, alitekwa utotoni huko Uyao, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, akarudi na jina la mji. Jina alilopewa na wazazi limepotea.

Na tuseme kweli, ndugu Waislamu: miongoni mwa wanunuzi wa watu katika njia hii walikuwamo wenye kusali. Hata leo wako wafichao asili ya bibi yao kwa aibu. Aibu ni ya aliyenyang'anya, si ya aliyenyang'anywa!

Kijana, liache fumbo la Marekani. Kamwulize bibi yako jina la mama yake, kabla hajazikwa nalo.