Msiwapige Akina Mama kwa Machozi ya Monika

Kila tarehe 27 Agosti, Wakatoliki wanapomkumbuka Mtakatifu Monika, akina mama huambiwa neno lile lile: Monika alilia na kuomba, mwanawe Augustino akarudi, basi nawe ukiomba vya kutosha, wako atarudi. Walokole wengi hawaiadhimishi siku hiyo, lakini mahubiri hayatofautiani, tena kwao yametiwa makali: funga, njoo mkesha na shati la kijana, vunja roho ya uasi, toa sadaka. Miaka ikipita na kijana hajakanyaga kanisani, lawama zinamgeukia mama. Ataulizwa imani yake iko wapi, na nyumbani kwake kuna dhambi gani iliyofichwa. Imani hii, kwamba mtoto aliyerudi nyuma ni ushahidi wa maombi hafifu ya mzazi, ni potofu, na ni ukatili kwa watu ambao tayari hawalali.

Tuanze na Monika huyo huyo, kwa sababu wanaomtaja sana ni kama hawajasoma aliyoyaandika mwanawe katika Maungamo. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Alipojiunga na dini ya wafuasi wa Mani, mama yake alikataa kula naye meza moja, hadi ndoto ilipompa matumaini akamkubali tena. Kisha akamwendea askofu mmoja, akimsihi azungumze na kijana. Askofu huyo alikuwa amekulia katika dini hiyo hiyo ya Mani na kuiacha kwa kuvisoma vitabu vyake mwenyewe, lakini alikataa: kijana hajawa tayari kusikia, mwache, wewe mwombee tu. Mwaka 383 Augustino akataka kwenda Roma. Monika akamfuata hadi pwani ya Kartago, akamng'ang'ania. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki anayesubiri upepo; usiku ule, mama akiwa anasali katika kanisa dogo la ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani, meli ikaondoka. Alichokuwa akiomba kwa machozi ni kwamba mwanawe asisafiri. Hakupewa. Na ni safari hiyo aliyoipinga iliyomfikisha Augustino Milano, kwa Askofu Ambrosi, akaongoka mwaka 386 na kubatizwa Pasaka ya 387.

Mwaka huo huo wa 387 Monika akafariki huko Ostia, njiani kurudi Afrika. Hebu tufikiri angefariki miaka mitatu kabla. Machozi yangekuwa yale yale, imani ile ile, mikesha ile ile, ila angekufa hajaona kitu, na kwa kipimo cha wahubiri wetu angehesabiwa mama aliyeshindwa. Kipimo kinachoweza kumgeuza mtakatifu kuwa mzembe kwa tofauti ya tarehe ya kifo hakipimi imani ya mtu. Tazameni pia Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4. Katika mstari wa 10 Paulo anasikitika kwamba mwenzake Dema amemwacha na kwenda Thesalonike. Mstari wa 11 anaagiza aletewe Marko, yule aliyewahi kuiacha safari yao ya umisionari njiani. Mtume ni mmoja. Marko alirudi, na habari za Dema zinaishia hapo.

Watanijibu kwa Mithali 22:6, kwamba mtoto aliyelelewa katika njia njema hataiacha. Mithali husema jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida. Haziandikii mzazi mkataba na Mungu. Samweli hakuwa mzembe, na wanawe walikula rushwa. Wengine wataogopa kwamba kusema hivi kunawapunguzia wazazi wavivu kazi. Mzazi aliyemtelekeza mwanawe ana jambo la kutubu, na atubu; hilo halitupi ruhusa ya kumshuku kila mzazi. Swali zito ni hili: kama hakuna uhakika, tuombe ya nini? Tuombe kwa sababu tumaini la Mkristo liko kwa Mungu anayempenda mtoto yule kuliko tunavyompenda sisi, na Mungu huyo hakuchoka siku tulipochoka. Anayeamini hivyo anaweza kuomba miaka ishirini bila kumwekea Mungu tarehe wala kumgeuza mwanawe kuwa mradi. Mzazi anayeona aibu, kwa upande mwingine, hugeuza kila simu kuwa mahubiri, mpaka kijana anaacha kupokea.

Wachungaji, acheni kudai mashati na kupekua dhambi za nyumba za watu. Mama akileta jina la mwanawe, lipokeeni, ombeni pamoja naye, mumwache aende nyumbani bila hatia ambayo Mungu hakumpa. Nanyi wazazi, endeleeni kuomba. Kijana akija Krismasi, mpakulieni chakula, muulizeni habari za kazi na afya yake, mkae naye.