Moyo Unataka Akili

Siku ya mchezo sisi sote tunamshangilia yule asiyekubali kuchoka. Tunasema: “Huyu ana moyo!” Ni kweli, bila moyo hakuna ushindi. Lakini moyo peke yake hautoshi.

Kumbuka pigano la Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32, George Foreman miaka 25. Foreman alikuwa na nguvu za ajabu, na hakuna aliyekuwa amemshinda bado. Ali alifanya nini? Aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha mwenzake apige. Foreman alipiga mpaka mikono ikawa mizito. Katika raundi ya 8, Ali akamwangusha. Kuvumilia mapigo yale kulitaka moyo mkubwa. Lakini Ali alijua pia kutunza nguvu zake.

Tarehe 1 Oktoba 1975, huko Manila, Ufilipino, Ali alipigana na Joe Frazier katika joto kali. Baada ya raundi 14 macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, haoni vizuri. Zilibaki dakika 3 tu, na yeye alitaka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, akakataa, akasimamisha pigano. Je, Frazier alikuwa mwoga? Hata kidogo! Lakini mtu aliyechoka sana hawezi kupima uchovu wake mwenyewe. Anahitaji mwenzake.

Na kazini ni vile vile. Kichwa kinauma, unaona kizunguzungu, misuli inakaza, unasahau jambo unalolifanya kila siku: huo si uvivu, ni mwili unaokuonya. Ukijikaza tu, mkono utachelewa, na mashini haimngojei mtu. Mwambie kapita wako. Ondoka penye joto, pumzika, kunywa maji. Na siku nyingine usingoje kiu: kunywa kidogo kidogo tangu mwanzo wa kazi.

Ukimwona mwenzako anayumba, usimcheke. Mwambie asimame. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mtoeni kwenye joto, mpozeni mwili kwa maji, mkamfikishe kwa munganga mbio. Wewe kapita, usimwite mvivu anayesema amechoka. Kesho hatasema tena, na hapo ndipo hatari itaingia.

Nanyi kina mama, baba akirudi kutoka kazi ya usiku, mwacheni alale. Watoto wachezee mbali na dirisha lake. Na wewe mcheza mpira, usitoke kazi ya usiku ukaenda moja kwa moja uwanjani. Lala kwanza. Ekipe inataka miguu yako, si jina lako tu.

Tuwe na moyo, ndiyo. Lakini tuwe pia na akili ya kusimama kwa wakati, ili kila mmoja arudi nyumbani mzima.