Ukurasa wa Elimu: Kemia ya Bafuni

Watoto wetu husoma kemia shuleni. Sisi tunaitenda nyumbani bila kujua. Vitu vikikutana vikageuka kuwa vitu vingine, huo huitwa mmenyuko. Vinavyoingia ni vitendanishi, vinavyotoka ni mazao. Siki ikigusa ukoko wa chokaa ndani ya birika, povu lile ni kaboni dioksaidi, wala halidhuru.

Lakini siki hiyo hiyo, au dawa ya choo yenye asidi, ikichanganywa na jiki, zao lake ni klorini, gesi iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Nasi tuliwahi kudhani dawa mbili husafisha kuliko moja! Harufu ikikukaba koo, usirudi kusuuza. Toka, uwatoe na watoto.