MWALIMU KWANZA, MASHINE BAADAYE

Wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba,

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Leo twalileta neno hili la wahenga mbele yenu kwa jambo lililo zito kuliko bei ya mchele, nalo ni elimu ya watoto wetu. Umezuka katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mtindo wa kutawala usiofaa kunyamaziwa. Serikali ikiulizwa khabari ya walimu, hujibu kwa kompyuta. Ikiulizwa khabari ya fedha za skuli, huonesha vishikwambi, na wapiga picha wakiwa tayari.

Tazameni yaliyowafika jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliomba kura kwa ahadi ya kompyuta kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ukapewa utawala. Mwaka huo huo walimu wa skuli za Serikali waligoma kwa muda wa wiki tatu, wakidai posho za makubaliano ya mwaka 1997. Basi fikirini: deni la mwalimu lina umri wa miaka 16 na halijalipwa, na huku mashine mpya inaahidiwa mtoto ambaye bado hajaijua alifu wala be! Mashine zenyewe zilikawia hata mwaka 2016, zikagawiwa zaidi ya 1,000,000 katika skuli zaidi ya 20,000. Mwaka 2019 shauri likageuzwa, ikasemwa sasa ni vyumba vya kompyuta. Na walimu je? Tume ya Walimu ya nchi hiyo imekiri yenyewe, si mara moja, kuwa walimu waliopungua wanapindukia 100,000.

Na fedha? Tangu mwaka 2018 kila mwanafunzi wa sekondari wa Kenya alikadiriwa shilingi 22,244 za nchi ile kwa mwaka. Mwezi wa Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaeleza wabunge kuwa Hazina haiwezi kutoa zaidi ya kiasi cha 16,900. Zinapungua shilingi 5,344 kwa kila kichwa. Mwalimu mkuu atazitoa wapi, ikiwa si mfukoni mwa mzazi aliyeambiwa kwamba elimu ni bure?

Asitokee mtu akasema hayo ni ya Wakenya. Katika Jamhuri yetu ya Muungano, upande wa Bara, mwaka 2002 ilikadiriwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja wa skuli ya msingi kwa mwaka, nazo zilikuwa sawa na dola 10. Mwaka 2016 elimu bure ikatangazwa kwa kishindo mpaka kidato cha nne, na ruzuku ikabaki 10,000 ile ile, ambayo siku hizo haikufika dola 5. Sisi wenye maduka hatuhitaji mtaalamu wa kutufasiria hesabu hii. Mtu akikupa mwaka huu fedha ile ile aliyokupa miaka 14 nyuma, akakutaka uujaze mfuko ule ule wa sukari, mtu huyo hakukupa kitu bali amekupunguzia. Kisha ikaja Sensa ya mwaka 2022. Vishikwambi vilivyohesabia watu vikapelekwa kwa walimu, na sehemu yake ikaletwa kwetu Zanzibar. Havikununuliwa kwa ajili ya darasa, lakini vilisifiwa kama kwamba ni mageuzi ya elimu.

Na hapa petu? Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bure katika visiwa hivi. Miaka ikapita, michango ya wazazi ikarudi, kisha ikafutwa tena. Lakini kila skuli zinapofunguliwa, kurasa za daftari letu la madeni hujaa majina ya wazazi: huyu madaftari, huyu viatu, huyu kitambaa cha sare. Majengo twayaona, na anayestahiki sifa apewe: skuli za ghorofa zimesimama Unguja na Pemba. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ghorofa haifundishi hesabu, wala kioo chenye kung'aa hakijui mtoto yupi hakufahamu somo na yupi hakula tangu jana.

Twajua tutaitwa maadui wa maendeleo. Jawabu letu ni hili. Nchi ya Peru iligawa kompyuta kwa watoto wa vijijini kwa wingi. Mwaka 2012 Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika ikatoa uchunguzi wa skuli 319, isione dalili kuwa watoto wamezidi katika hesabu wala katika lugha. Lakini papa hapa Zanzibar, tangu mwaka 2006, palikuwa na masomo ya redio kwa watoto wadogo, yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Redio ni chombo rahisi, kilisema Kiswahili, na kando yake alikuwapo mtu mzima wa kuwaongoza watoto. Kwa hiyo hatukipingi chombo. Twakipinga chombo kinapopewa kiti cha mwalimu. Sisi tuliosoma vyuoni twalijua hili tangu utotoni: ubao ulikuwa kipande cha mti na wino ulikuwa masizi, na tukasoma, kwa sababu mwalimu alikuwapo na alimjua kila mmoja wetu kwa jina na kwa kosa lake.

Kwa hivyo twaitaka Serikali mambo matatu, wala si makubwa.

Kwanza, itangaze skuli kwa skuli, Unguja na Pemba, idadi ya walimu waliopo na waliopungua kwa kila somo, khasa hesabu na sayansi.

Pili, fedha ya kila mtoto itolewe kamili na kwa wakati, na kiasi kilichopokelewa kibandikwe mlangoni mwa skuli, mzazi akisome kwa macho yake.

Tatu, isinunuliwe mashine hata moja mpaka ioneshwe fedha ya umeme wake, ya fundi wake, na ya mwalimu wa kuitumia.

Mwenye kuyakataa haya matatu atueleze sababu hadharani. Nanyi wazazi, ulizeni katika mikutano ya skuli, na msikubali kujibiwa kwa picha. Mtoto hukaa darasa la kwanza mwaka mmoja tu. Mwaka huo ukipita bila ya mwalimu, hakuna Waziri wa kumrejeshea.

Mwenye Duka