Homa ya Mtoto na Kijiko cha Jikoni

Juma hili nataka kuwasimulia jambo lililotukia nyumbani kwangu hapa Garissa, maana yamkini litamfaa mzazi mwingine.

Jioni moja nilirudi kutoka ofisini nikamkuta mwanangu mdogo anawaka homa. Mara nikatwaa chupa ya parasetamoli, nikamnywesha kijiko kimoja cha jikoni. Mama mkwe alipoiona chupa mkononi mwangu akashtuka, akasema, "Baba, nawe umempa? Mimi nimempa dawa ya mafua sasa hivi." Tuliposoma maandishi ya ile dawa ya mafua, tuliona kwamba ndani yake mlikuwa na parasetamoli vilevile. Tukambeba mtoto mpaka hospitali, naye, namshukuru Mungu, hakudhurika. Lakini kosa lilikuwa letu sote wawili: kila mmoja alitoa dawa kwa mapenzi, wala hakuuliza.

Parasetamoli ni dawa njema, lakini ikizidi huharibu ini, na madhara hayo huweza kujificha siku moja au mbili. Kwa hiyo kipimo hufuata uzito wa mtoto: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 10 apewe miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Uzito wake utauona katika kitabu chake cha kliniki, ikiwa amepimwa karibuni.

Kisha soma chupa. Ziko chupa zenye miligramu 120 katika mililita 5, na nyingine zenye miligramu 250 katika mililita 5 hizo hizo. Basi kijiko kilichomfaa mtoto kwa chupa ya kwanza, kwa chupa ya pili humpa zaidi ya mara mbili. Tumia kijiko cha kupimia kilichokuja na dawa, au bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni havilingani. Na kidonge cha mtu mzima cha miligramu 500 si cha kukatwa kwa kukisia.

Kati ya kipimo na kipimo zipite saa 4 hadi 6, na katika saa 24 visizidi vipimo 4. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi 3, akiwa na homa, usimtibu nyumbani. Mpeleke hospitali mara moja.

Aspirini usimpe mtoto kabisa. Mnamo 1963 daktari Reye wa Australia alieleza ugonjwa mkali wa ubongo na ini kwa watoto, na baadaye ikaonekana kwamba aspirini huuchochea. Sisi wa kaskazini tuna sababu nyingine pia. Mwaka 2011 homa ya dengi ilizuka Mandera, na katika homa hiyo aspirini na ibuprofeni huweza kuzidisha kutokwa na damu. Ibuprofeni tena haimfai mtoto aliyepungukiwa na maji mwilini, na katika joto letu hili maji hupungua upesi. Mpunguzie nguo, usimfunike blanketi, umnyonyeshe au umnyweshe mara kwa mara.

Lakini kumbuka, ndugu msomaji, kwamba dawa hii hushusha joto tu. Ugonjwa wenyewe haiuondoi. Mwaka 1998, baada ya mvua za El Niño, malaria iliwashambulia watu wa Wajir kwa ukali mkubwa, katika nchi kavu ambayo wengi hawakuitazamia. Mtoto aliyepoa kwa parasetamoli huenda bado ana malaria damuni, na mzazi akadanganyika kwamba amepona. Hapana budi damu yake ipimwe. Akishikwa na degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida, au akilegea na kusinzia asiamke vizuri, msingoje asubuhi.

Sasa ukutani kwetu, juu ya rafu ya dawa ambayo watoto hawaifikii, tumebandika karatasi. Anayetoa dawa huandika saa, jina la dawa na kipimo. Mama mkwe hajui kusoma, lakini kabla ya kutoa chochote huniita, husema, "Baba, nisomee karatasi." Nami humsomea.