WALIOBEBA MACHELA BURMA WALIPWE HESHIMA YAO

Ndugu wananchi, kila vita ikitajwa watu huuliza ni nani aliyepiga bunduki. Ni wachache waulizao ni nani aliyembeba majeruhi, au ni nani aliyeshika taa usiku wa mvua wakati daktari anapasua. Sisi twasema swali hili la pili nalo lastahili jibu, kwa maana katika jibu lake wamo watu wetu.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa kupigana Burma, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bama, na ambayo leo ni Myanmar. Walikuwamo vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tangu Agosti mpaka Desemba waliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, na tarehe 2 Desemba wakautwaa mji wa Kalewa ulio kando ya mto Chindwin. Hayo yameandikwa vitabuni. Yaliyoandikwa kidogo mno ni ya watu wa idara ya tiba ya jeshi la Afrika Mashariki: madresa, wabeba machela na madereva.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mtu akipigwa risasi, dresa wa kikosi alimfunga jeraha palepale. Kisha majeruhi aliwekwa juu ya machela, akachukuliwa kwa mikono penye matope ambapo motokaa haikuweza kupita. Karibu na mstari wa vita palikuwa na kundi dogo la upasuaji: daktari mmoja wa kupasua, mmoja wa kutia dawa ya usingizi, na wasaidizi wachache. Vifaa vyao vyote viliweza kupakiwa katika lori na kuhamishwa vita ilipohama. Waingereza walikuwa wamejifunza katika jangwa la Afrika Kaskazini kwamba aliyejeruhiwa tumboni hawezi kungoja hospitali ya mbali. Saa zikipita, uchafu wa matumbo huenea mwilini na mtu hufa. Basi wakamsogeza daktari amfuate mgonjwa.

Lakini daktari peke yake hawezi kitu. Vyombo lazima vichemshwe, maji yatekwe, bendeji zitayarishwe, na aliyepasuliwa tumbo alazwe siku kadhaa bila kutikiswa, na mtu wa kumwangalia asilale. Tena risasi haikuwa adui mkubwa. Jemadari Slim aliyeongoza jeshi zima la 14 alieleza kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi, malaria ikiwa mbele. Kwa kuwalazimisha askari kumeza vidonge vya mepakrini na kuwatibu wagonjwa karibu na vita, hesabu hiyo ilishuka sana. Atakayesema kwamba watu wa tiba hawakushinda vita na aitazame hesabu hiyo.

Na wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu karibu 1,300 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, na pamoja nao wauguzi wa kike waliokuwa wakienda kazini.

Je, waliorudi walipata nini? Mwaka 2019 hati ya serikali ya Uingereza ilitolewa hadharani. Ilionyesha kwamba katika bahashishi ya kumaliza vita, askari wa chini mweupe alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na mwenzake Mwafrika shilingi tatu na nusu. Jeraha ni lile lile, matope ni yale yale, lakini malipo yakafuata rangi. Hata waganga wetu waliosoma Makerere walingoja mpaka mwaka 1957 ndipo shahada yao ikatambuliwa na baraza la madaktari la Uingereza. Fadhila ya punda ni mateke!

Wako watakaosema: vita ile haikuwa yetu, ya nini kuikumbuka? Ni kweli haikuwa yetu. Vijana wetu walipelekwa kulinda uhuru wa wengine hali kwao hawakuwa nao. Lakini dresa aliyemfunga mwenziwe jeraha hakumtumikia mfalme peke yake. Alimtumikia mtu. Aliporudi alikuwa na ujuzi mikononi, na ujuzi huo ulikuwa mali ya nchi. Kumsahau kwa sababu aliyemtuma alikuwa mkoloni ni kumdhulumu mara ya pili, na safari hii twamdhulumu sisi wenyewe.

Tena jambo hili si la zamani tu. Tangu uhuru nchi zetu zimepeleka askari Darfur, Kongo na Somalia. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa kule Semuliki, Kivu ya Kaskazini, na makumi wakajeruhiwa. Siku kama ile, uhai wa kijana hutegemea saa ngapi zitapita kabla hajafika mbele ya mpasuaji.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, kikosi chetu chochote kisivuke mpaka pasipo kundi la upasuaji lililo karibu na lililokamilika. Pili, dresa, muuguzi na dereva wa gari la wagonjwa walipwe posho ya hatari sawa na mshika bunduki, kwa kuwa hatari ni moja. Tatu, vyuo na magazeti yetu yakusanye habari za watu wa tiba wa Burma kwa Kiswahili, kutoka kwa watoto na wajukuu wao, pamoja na barua na vyeti vilivyo masandukuni.

Ndugu, kama nyumbani kwenu kuna cheti cha babu aliyekuwa dresa vitani, msikiache kiliwe na mchwa. Kipelekeni kikaandikwe. Uingereza tutaidai deni lake, lakini hili la kukumbuka ni deni letu, na hakuna wa kutulipia.